Hukunyamaza, Ulizimwa Sauti

Mdogo wangu Hadija,

Salamu kutoka Mbale, ambako mvua imeuficha mlima na mchuzi wa malewa, yale machipukizi ya mianzi, wa mama mdogo umenishinda kumeza. Simu yako anayo shangazi, kwa hiyo kadi hii nimempa dereva wa basi la Jinja. Haina bahasha, atakayeisoma njiani na asome.

Jana wazee walipokuita kwa video, baba mdogo ndiye aliyefungua mkutano, na anayeufungua anaweza kumzima sauti yeyote. Jogoo wenu alipowika, baba mdogo akazima sauti yako. Kisha akakuuliza kama umemkubali mwana wa mwenye duka. Niliiona midomo yako ikisema "sitaki", tena na tena. Huenda wewe hukuiona ile maikrofoni ndogo iliyokatwa kwa mstari mwekundu.

"Kimya cha mwali ni ridhaa," akatangaza, na wazee wakaitikia, "Alhamdulillahi."

"Hajanyamaza, baba! Umemzima sauti!"

"Sawa, afande wa kompyuta," mzee mmoja akanijibu. Wakacheka, na baba mdogo akafunga mkutano.

Ndoa ni Ijumaa, nami nimezuiwa hapa niwapikie wageni. Usingoje kuitwa tena kwenye skrini. Ukiipata kadi hii, nenda kwa shekhe wa Mpumudde, hapo hapo Jinja, usimame mbele yake, useme hutaki. Pale baba mdogo hana kitufe.

Nakupenda kwa hasira yote niliyo nayo.

Dada yako,
Mariamu