Mwanamke wa Maharagwe Ukutani

Mama yangu mpendwa,

Habari za huko nyumbani? Goti lako linaendeleaje sasa mvua imeanza? Sisi huku Ujerumani tu wazima, ila baridi inatutafuna masikio. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika mwisho.

Jumapili, nilipotoka zamu ya kuwaogesha wazee, nilimpeleka Kathure, huyu binti yangu mwenye jina lako, kwenye jumba la sanaa. Siku hiyo kuingia ni bure. Tulipita picha za wafalme wenye dhahabu shingoni, mtoto akawa anapiga miayo tu. Mara akaniponyoka, akakimbilia picha moja ya rangi ya mafuta.

Mama, picha ile ilinishika moyo. Ni mwanamke wa kizungu wa zamani, ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, anamenya maharagwe. Basi. Lakini aliyeichora alikuwa na macho kwelikweli. Amechora ufa wa kisigino, tope kwenye pindo la sketi, hata maganda yaliyomwangukia mapajani. Watu walikuwa wakiwapita wafalme na kusimama hapo.

Kathure akasema, "Mama, nyanya yuko hapa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hadithi ninazomsimulia kukuhusu ni za maharagwe, ng'ombe na kuni. Lakini picha zako zote ni za nguo ya kanisa, maana simu ikielekezwa kwako unakimbia kubadilisha, unatoa kiti cha wageni, unakaa wima kama unaapishwa. Yule wa kwenye kiti mtoto hamjui. Ulikataa kupigwa picha na nguo za kazi, ukisema wazungu wataona sisi ni watu wa matambara. Hao wazungu nimewaona mwenyewe mbele ya mwanamke mwenye tope, hawataki kuondoka.

Sasa usimkasirikie Mwenda. Huyo ndugu yangu alikupiga picha kwa siri ukimenya njahi, yale maharagwe yetu meusi, mlangoni mwa jiko, leso ya shambani kiunoni, akanitumia. Mama, wewe ni mzuri kumpita yule wa ukutani. Nimeitazama nikalia. Lakini sijamwonyesha mtoto, kwa kuwa hukukubali.

Nisalimie shangazi mchuma chai, na mjomba wa Laare na miraa yake.

Kathure amekaa hapa ananiuliza namwandikia nani. Nikubalie, Mama, nimwonyeshe.

Binti yako,
Makena