Zamu ya Mwanga

Dada mpendwa,

Mimi mzima. Paka wa jirani kazaa tena, safari hii ndani ya kabati langu la nguo.

Kazini mwani tunaoukuza, ile mimea midogo inayoyafanya maji ya bwawa yawe kijani, ulianza kugeuka manjano. Bosi akaongeza mbolea, ukazidi kudhoofika. Kumbe pampu ya kukoroga ilikuwa imekufa! Tukakoroga kwa miti mpaka mikono ikafa ganzi, ili ule uliotuama chini nao upande juu uone mwanga. Leo bwawa ni kijani kibichi, na bosi anajisifu.

Sasa hilo la baba. Unasema tangu apooze umembadilishia uji wa kila aina, na bado anafumba mdomo. Hukusema analala wapi, lakini nyumba yetu naijua. Mmemweka chumba cha nyuma, anatazama ukuta, kwa sababu mnaona haya wageni wamkute vile.

Mtoe, dada. Mlaze sebuleni karibu na mlango, hapo mnapobishana kutwa nzima. Mpe uji uleule.

Akianza kuwafokea, nipigie simu nami nimsikie.

Mdogo wako, mkoroga bwawa