Shahada ya Mila Zetu kwa Bei ya Kihamba

Marangu, Jumatano, Julai

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Kahawa tuliyoanika juzi bado haijakauka, na mimi nimekaa barazani na koti la marehemu baba, sihisi baridi wala joto.

Barua ya chuo ilifika wiki iliyopita. Nimekubaliwa kwenda Uingereza miaka mitatu kusomea shahada ya Masomo ya Afrika, yaani lugha, mila na utawala wa watu wa huku kwetu. Walimu wenzangu shuleni walinibeba juu juu. Nilicheka nao, lakini moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Ada italipwa na serikali. Nauli ya meli na matumizi ni juu yangu, na mshahara wa ualimu haufiki huko. Kaka Aloisi anaweza kunilipia kwa sababu kahawa yake imemletea bei nzuri. Sharti lake ni moja: nimwachie kihamba cha baba, yaani hii migomba, hii kahawa na nyumba tulimozaliwa, tena mbele ya ukoo mzima. Yeye alishapewa chake alipooa. Hiki ni changu kwa kuwa mimi ndiye kitindamimba, na kitindamimba ndiye anayekaa na mama mpaka mwisho. Nikikitoa, mama atakuwa chini ya mke wa Aloisi, na wale wawili hawapikiki chungu kimoja.

Wale wa chuo wameniletea na kijitabu cha masomo. Mwaka wa pili kuna somo la urithi wa ardhi kwa watu wa milimani. Nililisoma mara mbili, nikakifunga.

Jana niliteremka Moshi kumwuliza Saidi hiyo shahada itanipa kazi gani. Saidi ni mtu wa Njoro, karani wa bomani, na hana tabia ya kumpaka mtu mafuta. Alinimiminia chai kwanza.

"Mwalimu, hayo wanasomea wazungu wanaokuja kututawala," alisema. "Mzungu akiwa nayo anakuwa Bwana Shauri wa wilaya. Wewe ukirudi nayo watakupa ukalimani, tena chini ya huyo huyo. Ungekuwa umepata udaktari, ningekwambia uza hata shati."

Nilimshukuru, nikapanda basi kurudi. Njiani nilijaribu kukasirika. Sikuweza.

Sasa mbona bado naitaka? Naona haya hata kuandika. Shahada yenyewe siitaki. Nataka kuondoka. Tangu tumzike baba mwaka jana hakuna kinachonigusa. Naamka, nafundisha, narudi, nakula ndizi, nalala. Nimejidanganya kwamba nikivuka bahari nitaamka kweli.

Leo nimerudi kutoka shuleni saa tisa. Ng'ombe wa mama hakuwemo ndani. Ng'ombe huyu halali nje, analala humu humu nyumbani na sisi, na kila siku mama humbebea majani kichwani kutoka bondeni. Nilimkuta mama ameinama, anafagia pale mahali pake.

"Shikamoo, mama. Ng'ombe yuko wapi?"

"Marahaba. Nimempeleka kwa Aloisi."

Nikamwuliza ni nani aliyemwambia afanye hivyo. Hakuinua kichwa.

"Hakuna aliyeniambia. Ng'ombe hazoei pahali upesi. Nimeona atangulie, mimi nitafuata."

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilisimama pale na mkoba wangu wa madaftari. Wiki nzima nimepima nauli, nimepima cheo, nimepima na aibu ya kurudi kuwa mkalimani. Yeye sikumwuliza hata neno moja.

Nilikuwa nangoja anikataze.

Ndiyo hivyo. Nilitaka alie, ashike mlango, aseme hutoki hapa, ili nibaki, na maisha yangu yote niwaambie watu kwamba mama ndiye aliyenizuia. Badala yake amefagia.

Nimewaandikia wale wa chuo kwamba siendi. Bahasha nimeifunga, iko mezani. Nilidhani nikitia sahihi moyo utauma, au angalau utatulia. Haukufanya lolote.

Kesho kabla ya shule nitapanda kwa kaka nikamchukue ng'ombe. Aloisi atanuna, hilo si kitu. Ninachokiogopa ni mama. Atanitazama nikiingia na kamba mkononi, na ataniuliza nimebaki kwa ajili ya nani. Mimi mwenyewe sijui kama ni kwa ajili yake au ni kwa sababu ya maneno ya Saidi.

Nitamwambia ni kwa ajili yake.