Hiyo Taa Uiinamishe

Achieng wangu,

Hapa Mashimoni tuko sawa. Shangazi yako wa Kawangware amejifungua msichana mwenye kelele kama zako. Jirani yetu Mama Brayo ndiye ananiandikia, na nimemkataza kunirembeshea maneno.

Unauliza ununue taa gani ya baiskeli, kwa kuwa ukitoka kazini kule zahanati barabara haina hata balbu moja. Nunua yenye mwanga mkali. Usiniletee ubahili, hayo meno yako nayapenda yakiwa mdomoni.

Lakini sikiza. Nikiwa msichana kule kwetu karibu na ziwa, nilifunga tochi kubwa ya mjomba kwenye usukani wa baiskeli yake kwa mpira wa tyubu, nikaielekeza juu ili nione mbali. Giza likiingia, nikakutana na mama anatoka ziwani, beseni ya omena, wale samaki wadogo, wa kuuza kichwani. Mwanga ukampiga machoni, akaanguka mtaroni pamoja na beseni.

"We msichana, umenipofusha!" akafoka. "Unatafuta ndege huko juu?"

Nilifungua tochi kutoka kwenye usukani, nikamulika chini, tukapiga magoti tukaokota omena mmoja mmoja. Kumulika chini hivyo, ndipo nikaona kila jiwe na kila shimo la barabara niliyoipita kila siku. Yule mama hakuniambia asante, na sikuingoja.

Ukishaifunga taa yako, simama mbele ya baiskeli uiangalie, kama wewe ndiye mwenye beseni. Ikikuumiza macho, iinamishe chini.

Mimi nyanya yako, nakutaka mzima.