Uwanja Wenye Mlango Mmoja

Mtaa wa West Indies,
Eldoret.
Jumatano, 2 Julai 2025.

Mpendwa ndugu yangu Kabiru,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Birmingham, wewe na Joy na watoto, na kwamba zamu za usiku hospitalini zimepungua kama ulivyotarajia. Huku tuko salama. Goti langu la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za mahakama, lakini bado napanda kutafuta habari za gazeti. Mama alitimiza miaka themanini na mitatu mwezi wa tano. Presha yake imetulia, na akikaa karibu na dirisha bado anatia uzi kwenye sindano mwenyewe. Mvua haikutunyima mwaka huu, na mahindi yetu kule Chepsaita yamenifika kifuani.

Wewe uliniandikia kwa simu, nami nakujibu kwa barua. Ujumbe wa simu mtu huufuta kwa kidole. Barua lazima aichane kwa mikono miwili, na kabla ya kuichana huwa ameisoma.

Uliniuliza swali moja: mkija Agosti, mpitie uwanja gani wa Nairobi, JKIA au Wilson, na njia ipi ni nyepesi ya kuingia mjini, kwa kuwa Joy angependa kuona jiji siku mbili kabla ya kupanda kuja huku. Ni swali zuri na nitalijibu kikamilifu.

Ndege yenu ya kutoka ng'ambo haiwezi kutua Wilson. Itatua JKIA, hapo hamna la kuchagua. Kutoka hapo kuna barabara ya juu, ile ya kulipia, ambayo asubuhi itawafikisha Westlands kabla watoto hawajaanza kuuliza kama tumefika. Barabara ya chini ni ya bure, na jioni utakaa hapo saa nzima ukisoma nyuma ya lori moja. Teksi agizeni kwa simu mkiwa ndani ya jengo, msimfuate mtu anayewabebea begi kabla hamjamwomba.

Wilson uko karibu zaidi na katikati ya mji, kwenye barabara ya Lang'ata. Ni wa ndege ndogo za humu nchini. Uzuri wake ni kwamba hakuna umati. Unashushwa mlangoni, unapimiwa mzigo, na baada ya muda mfupi uko angani. Mtu asiyetaka kuonekana na wengi atapapenda.

Lakini hayo ya Wilson wewe unayajua.

Acha nikukumbushe siku yenyewe, kwa sababu wewe hukuiona kutoka upande wetu. Jumanne, tarehe 10 Desemba mwaka jana. Ulikuwa umeniandikia kwamba utatua saa nne asubuhi kwa ndege ya Doha. Tulikuja watu kumi na wanne kwa basi la kanisa, tukalala kwa Tabby kule Ruiru, na saa mbili na nusu tulikuwa tumesimama kwenye kizuizi cha wanaowasili. Dada yetu Tabby alishika kibao chenye jina lako. Akina mama wa kanisa walikuwa na vitambaa vyao vya kichwa vya kijani. Mama alishika chupa ya chai mkononi, ila ndani haikuwa chai. Ilikuwa uji wa wimbi aliouchachisha siku tatu, kwa sababu kwao mtoto aliyetoka mbali hasalimiwi akiwa na koo kavu.

Askari wa pale alimtania. "Mama, kwani mgeni wenu ni waziri?"

"Ni nesi," Mama akasema. "Waziri anaweza kuosha mgonjwa?"

Askari alicheka mpaka akatusogezea kizuizi hatua mbili mbele.

Saa tatu na dakika hamsini ubao uliandika kwamba ndege ya Doha imetua. Abiria walianza kutoka saa nne na robo. Kila mwanamume mrefu alipotokea, akina mama walianza wimbo, halafu wakaukata. Waliuanza mara sita. Nilihesabu kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya na macho yangu. Kufikia saa sita wafagiaji walikuwa wakituzunguka kwa fagio zao. Simu yako ilikuwa imezimwa.

Saa saba na dakika kumi na saba ujumbe wako uliingia: "Nimekwama Doha. Ndege imefutwa. Poleni sana, mwambieni Mama nitakuja siku nyingine."

Niliusoma nikiwa chini ya ubao ulioandika kwamba ndege hiyo hiyo ilikuwa imetua zaidi ya saa tatu nyuma. Ndugu yangu, nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali kwa miaka thelathini na mmoja. Nimedanganywa na machifu, na mawakili, na mchungaji mmoja. Uwongo wako ulikuwa hafifu kuliko wote huo, na ndio pekee niliousoma kwa sauti bila kubadilisha neno, mbele ya Mama, kana kwamba ni kweli.

Mama alikaza kifuniko cha chupa yake. Alirudi kwenye basi. Tulipofika Gilgil alimwomba Wabuge, dereva wetu, asimamishe. Nilidhani anataka kujinyoosha miguu. Alifungua ile chupa, akamimina uji kwenye kifuniko, akampa Wabuge.

"Mama, huu si ni wa Kabiru?"

"Kunywa. Hata wewe ni mtoto wa mtu, na umetoka mbali."

Wabuge alikunywa wote, vifuniko vitano, amesimama kando ya barabara na kofia mkononi.

Sikukuuliza lolote. Nilijiambia pengine uliachwa na ndege, pengine ulizuiwa, pengine uliona haya kusema. Mwandishi asiye na shahidi hana habari, ana uvumi. Nikauweka kando.

Shahidi nilimpata bila kumtafuta. Mwisho wa Machi nilitumwa Lodwar, na nikapandia ndege Wilson. Aliyenipokea tiketi ni Kavetsa, yule binti wa jirani wa Mama kule Kimumu, ambaye ulimfundisha hesabu akiwa darasa la saba. Alifurahi sana kuniona.

"Anko Githinji! Yaani hii familia yenu mmeamua ni kuruka tu siku hizi? Juzi juzi nilicheki-in Anko Kabiru hapa na marafiki wake wa kazi. Walikuwa wanaenda Ukunda, kuogelea."

Nilimuuliza ni siku gani. Alikumbuka bila kusita, maana ndiyo iliyokuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya likizo ya uzazi. Jumanne, tarehe 10 Desemba. Ndege ya saa nne na nusu asubuhi.

Kisha akaongeza, bila ubaya wowote: "Nilimwambia asalimie Mama, akasema ametoka kumwona jana. Akasema amezeeka vizuri."

Hiyo ndiyo sentensi niliyotoka nayo Wilson. Kwa kwenda baharini na wenzako wa kazi sikuoni mwizi. Mtu huchoka. Lakini tulipokuwa tumesimama na kibao chenye jina lako, wewe ulikuwa upande wa pili wa jiji hilo hilo, safari ya teksi moja, ukimwelezea mtu sura ya Mama ambayo hukuwa umeiona kwa miaka tisa.

Tafadhali usimkasirikie Kavetsa. Hakujua kwamba anatunza siri, maana hukumwambia kuwa ni siri. Siku uliyotua Nairobi siijui. Sijaithibitisha, kwa hivyo siiandiki.

Sababu yako nimeitafuta kwa haki. Watu kumi na wanne, na kila mmoja na ombi lake mfukoni. Mimi pia nilikuwa nalo, sitajitakasa: nilitaka unisaidie kumpeleka kijana wangu chuo huko. Ungeniambia, "Githinji, siwezi basi zima, nitakuja peke yangu kimya kimya," ningelituliza basi hilo. Ninajua kunyamaza. Hukunipa nafasi hiyo. Ulinipa ujumbe wa kuwasomea watu.

Basi nilinyamaza tangu Machi, nikidhani ninamkinga Mama. Halafu wiki jana ukampigia simu, ukamwambia unakuja Agosti na familia yote, na mimi ukanitumia swali la viwanja. Jumapili baada ya ibada nikaenda Kimumu kumwambia kwamba wenzake wa kanisani wanataka kujua kama walipange basi.

Alikuwa barazani akichambua maharagwe.

"Basi la nini?"

"La kwenda kumpokea Kabiru, Mama."

Akatoa jiwe moja, akalitupa kwa kuku. "Githinji, wewe ni mtu wa magazeti. Nairobi iko na viwanja vingapi vya ndege?"

"Vya abiria ni viwili."

"Basi mara hii tukangoje kile kingine."

Nikavuta kigoda nikakaa. Aliendelea na maharagwe yake. Nilipomuuliza tangu lini, alisema tangu Pasaka. Kavetsa alikuja kwao Kimumu kwa sikukuu, Mama akampelekea uji na kumwona mtoto mchanga, na Kavetsa akampongeza kwa kutembelewa na mwanawe siku moja kabla hajapanda ndege Wilson. Mama alijibu asante. Akambeba mtoto, akaomba, akarudi nyumbani. Miezi miwili na zaidi, Kabiru, kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake jambo lile lile, na tulikuwa tukikutana kila Jumapili.

Nilimuuliza kama amekasirika. Alisema kukasirika ni kazi ya watu walio na muda. Halafu akasema, "Mtoto haogopi mamake. Anaogopa basi. Mwambie hakuna basi."

Kwa hivyo jibu la swali lako ni hili. Sahau Wilson, sahau jiji. Joy ataliona mkirudi. Tueni JKIA, na humo humo mbadilishe ndege ya kuja Eldoret, kuna zinazoruka kutoka hapo bila kuvuka mji. Acheni saa tatu kati ya ndege na ndege, kwa sababu ya foleni ya pasipoti. Safari ya angani haifiki saa moja. Mtashuka ngazi, mtatembea kwa miguu, na mtakuta jengo dogo ambalo abiria wote wa humu nchini hutokea mlango mmoja. Hapo nje kutakuwa na watu wawili tu: mimi na gari langu, na Mama na chupa yake. Hakutakuwa na kibao wala wimbo, na ombi langu nimeliacha nyumbani. Kutoka hapo hadi Kimumu hatutachukua saa nzima, hata kama mjini kuna msongamano.

Nitumie namba ya ndege, na mara hii nitaihakiki. Ikiwa huji, usiniandikie mimi. Mwandikie Mama mwenyewe, kwa mkono wako. Nitamsomea barua yako neno kwa neno, na sitaihariri.

Ameshaweka wimbi kando. Ameniambia anahitaji kujua siku tatu mapema.

Tabby anakusalimu, ingawa kile kibao alikichoma. Wabuge anakusalimu pia na anasema uji ulikuwa mtamu. Akina mama wa kanisa wanakuombea, na sijawaambia chochote. Msalimie Joy, na waambie watoto shosho, nyanya yao, anajua majina yao na miaka yao.

Mungu awashike mkono njiani, na awafikishe pale mnaposema mnakwenda.

Ni mimi nduguyo mkubwa, nikupendaye na ambaye sijamaliza kukasirika,

Githinji