Kemunto, Watoto Wangu Wanacheza Duka Letu

Mpendwa Kemunto, rafiki yangu wa utotoni,

Siku hizi mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, wale wa PP1, katika shule moja karibu na Mogogosiek. Najua utacheka. Tulipocheza shule wewe ndiye ulikuwa mwalimu kila mara, na mimi yule mwanafunzi mtundu wa kufukuzwa nje. Lakini leo nataka kukuandikia kuhusu duka.

Unalikumbuka? Lilikuwa pale kwenye ua uliotenganisha shamba letu na kambi ya wafanyakazi wa chai, mlikokaa kwa sababu baba yako alifanya kazi kiwandani. Ubao mmoja juu ya mawe, makopo matupu, na majani ya chai ndiyo pesa. Mimi nilijua Kipsigis tu, wewe Ekegusii tu, na Kiswahili chetu sote kilikuwa cha kuokoteza. Ukaweka sheria: anayeuza ndiye mwenye lugha. Nikija kununua maziwa kwako niseme amabere, ukija kwangu useme chego. Nikikosea ulinirudisha nyuma ya foleni, na foleni yenyewe ilikuwa mimi peke yangu! Kabla hatujajua kuandika majina yetu, mama yako alikuwa akinituma kwa lugha yenu nami naenda, na nyanya yangu akisimulia hadithi kwa Kipsigis, wewe ulicheka pale pale pa kucheka.

Hakuna mtu aliyetufundisha hayo. Darasani tuliimba a, e, i, o, u mpaka usingizi ukatushika.

Halafu ukaja ule mwaka wa fujo za uchaguzi, watu wa kabila lenu wakafukuzwa huku. Tulikuwa tumeshakua kidogo, wasichana wa kubeba maji. Asubuhi moja lori lilisimama kambini, magodoro yenu yako juu. Mama akaniambia, "Kimbia umuage." Nilikukuta umekaa kati ya masufuria, umevaa sweta ya shule.

"Tutarudi shule ikifunguliwa," uliniambia.

Shule ilifunguliwa. Niliweka mkoba wangu upande wako wa dawati mpaka mwalimu akamleta mtu mwingine hapo.

Sasa sikiliza. Muhula huu nimepata mtoto anaitwa Nyaboke. Wazazi wake wametoka kwenu Kisii kuja kuchuma chai huku, na lugha yao ni Ekegusii. Wiki baada ya wiki hakutoa neno darasani. Wakati wa kucheza alisimama karibu na mlango, ameshika kikombe chake cha plastiki. Mtoto mmoja, Kibet, akaniambia, "Madam, huyu hajui kuongea." Wenzake wakaanza kumpita kama kiti.

Baba yake alikuja, bado amevaa gambuti za shambani. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Madam, mtoto anarudi na matope kila siku. Wa jirani yuko akademi, anaandika mpaka hamsini. Wangu hata kuongea haongei. Muhula ukiisha nitamrudisha kwa nyanya yake."

"Nyumbani anaongea?" nikamwuliza.

"Ah, huko hanyamazi."

Nikamwomba anipe muda. Lakini usiku sikuwa na amani, Kemunto. Nilijua hata nikimlazimisha kuandika namba, ataziandika akiwa amenyamaza vile vile.

Asubuhi yake nikatoa ubao, makopo na vifuniko vya soda viwe pesa. Nikamkalisha Nyaboke upande wa muuzaji. Nikawaambia watoto, "Hili ni duka lake. Huyu ndiye mwenye lugha."

Kibet akaja wa kwanza na kopo. "Beek," akasema, yaani maji.

Nyaboke akatikisa kichwa.

"Maji!"

Akatikisa tena. Kibet akanitazama nimsaidie, nami nikajifanya napanga vitabu. Kisha nikasikia sauti ndogo nyuma yangu: "Amache."

"Amaje," Kibet akajaribu.

Nyaboke akacheka, kicheko kikubwa cha mtoto ambaye hanyamazi. "Si hivyo! Ama-che!"

Darasa zima likataka kununua maji. Alihesabu vifuniko vya kila mmoja, na aliyeleta pungufu alimrudisha. Mimi niligeukia dirisha kwa muda, nikapangusa macho kwa leso.

Baba yake alipokuja kumchukua siku chache baadaye, duka lilikuwa bado wazi. Akasimama mlangoni, akamsikia akihesabu. Akataka kuingia moja kwa moja.

"Baba, panga laini," Nyaboke akamwambia.

Na mzee mzima akapanga, Kemunto, nyuma ya Kibet, kofia mkononi. Alipofika mbele akanunua maji yake, akajifanya anakunywa. Wakati wa kutoka akaniambia, "Wacha abaki."

Wapo wazazi ambao bado wananiuliza kwa nini watoto wanacheza tu, nami nawaeleza vizuri jinsi ninavyoweza. Wewe nisingehitaji kukueleza.

Jana jioni nilifunga darasa nikaona mama yake Kibet na mama yake Nyaboke pale langoni. Mmoja alikuwa ameshika mtoto mchanga wa mwenzake huku huyo akifunga leso yake upya mgongoni. Waliongea Kiswahili kibovu wakicheka. Kisha wakateremka pamoja kwenye barabara ya majani chai, watoto wakikimbia mbele, na hakuna aliyegeuka kuniona. Nilitamani sana ungekuwa kando yangu.

Sina namba yako, na niliowauliza hawajui mlihamia wapi. Ndiyo maana naiacha barua hii wazi, labda atakayeisoma anakujua. Mama yangu bado yuko hai na bado anakutaja. Kama moyo wako unaweza kurudi huku, njoo na wanao. Kama hauwezi, nakuelewa, na sitakulaumu. Nijulishe tu kwamba uko mzima.

Kaa salama, Kemunto.

Rafiki yako wa ng'ambo ya ua,
Chelang'at