Nataka Kuiuza Bastola ya Baba, Ukoo Umenikaba Koo

Mpendwa Shangazi Petrusha,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia bafuni maana nyumba ya mama imejaa wanaume, nisaidie kabla sijachizika. Naitwa Vidosava, fundi cherehani hapa mjini Nikšić, na marehemu baba yangu akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa anajibu, "Sina mtoto, nina mabinti wawili tu, samahani," na mgeni anampa pole kabisa, sasa alipofariki tukakuta kaandika kwa mkono wake kwamba bastola ya babu, ile ya jeshi la mfalme, nzito kama pasi ya mkaa, ni yangu mimi, si ya dada, si ya baba mdogo Milonja, ni yangu, nikalia kuliko siku ya mazishi.

Shida ni kwamba nataka kuiuza. Polisi wameikagua, hati ninayo, haipigi tena, na mzee mmoja wa Vienna anayekusanya silaha za kale anaitaka, na pesa yake inatosha kunifungulia duka langu mwenyewe, lakini Baba Mdogo kaja na karatasi nitie sahihi nimwachie, kama wasichana wa kwetu wanavyowaachia kaka zao urithi, ananiambia, "Mtoto wa kike utaifanyia nini? Utapigia pasi?" Nikamjibu, "Nitaiuza, Baba Mdogo." Akashika kifua, akasema nimeua ukoo, na tangu jana wamekuja binamu sita, wale wale ambao mama alipoishiwa kuni wakati wa theluji hatukumwona hata mmoja, wamemaliza paja zima la nguruwe na chupa tatu za gongo ya zabibu, eti wananishauri! Ila kinachoniuma kweli, Shangazi, ni kwamba hiyo ndiyo mara pekee baba alinihesabu kuwa mtoto wake. Nikiiuza, si nimejifuta mwenyewe?

Vidosava

Vidosava,

Kwanza toka bafuni. Nyumba ya mama yako, unamkimbia nani?

Pole kwa msiba. Marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu nitamsema: alikukosea kila mgeni alipobisha hodi, na mwishoni aibu ikamshika. Najua uchungu wa kutohesabiwa, mwanangu. Kwetu tulizaliwa wasichana saba, na baba yetu naye alikuwa "hana mtoto". Saba!

Sasa acha ujinga. Kilichokuhesabu si chuma, ni maandishi ya baba yako, na hayo hakuna wa Vienna anayeyataka. Yatunze. Bastola angetaka ikae ukutani ikisifiwa na walevi, angempa Milonja. Kakupa wewe bila masharti, na mali ya mtu huuzwa na mwenyewe.

Karatasi ya Milonja usiiguse hata kwa kalamu ya risasi. Binamu waambie hivi: anayeipenda sana bastola ailipie bei ile ile ya Vienna, taslimu, mwisho Jumapili saa sita mchana. Utashangaa watakavyokumbuka ng'ombe zao hawajakamuliwa. Na nyama usiwaongeze!

Jumatatu nenda kwa wakili na huyo mzee. Kwenye mkataba wa mauzo, panapoandikwa mwenye mali, jaza jina lako kamili na la baba yako, kwa wino, herufi kubwa. Milonja naye mwite. Shahidi anahitajika.

Shangazi Petrusha